Glasi ya Maji Mezani kwa Mkurugenzi

Mkurugenzi wa shirika la misaada alikutwa kifudifudi kwenye zulia la ofisi yake, kisogo kimepasuka. Pembeni ilikuwapo tuzo ya shaba aliyopewa kwa kuchimba visima vijijini, imelowa damu. Juu ya meza palikuwa na glasi ya maji, yana rangi ya chai nyepesi.

Inspekta aliyanusa, akakunja uso.

"Bosi wako alikuwa anakunywa haya?" alimuuliza katibu muhtasi.

"Thubutu! Yeye ni ya chupa tu, tena ya baridi."

"Nani aliingia mwisho?"

"Mtathmini. Yule anayeletwa kila baada ya miaka miwili kupima kazi zetu."

"Ripoti zake zinasemaje?"

Katibu alitupia jicho kabati. "Sijui, afande. Huwa tunazipokea kwa shukrani."

Inspekta alilifungua. Ripoti zilikuwa zimepangwa vizuri, nyingine hazijatolewa hata kwenye nailoni. Hasira zake zilikuwa za karibu, na hapo zilianza kumpanda.

Jioni maabara ilitoa majibu: alama za vidole kwenye glasi zilikuwa za mtu mmoja, na ndizo zilizokuwa kwenye tuzo. Marehemu hakuigusa glasi kabisa. Mtathmini alikamatwa hotelini, wala hakubisha.

"Maji ulimpelekea ya nini?" Inspekta alimuuliza kwenye chumba cha mahojiano.

"Ya kisima chao. Nilimwambia anywe."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Safari ya kwanza niliandika kwamba maji yana sumu ya miamba, visima vifungwe. Ya pili nikaandika hivyo hivyo. Safari hii nimemkuta mama aliyekuwa akinikaribisha kwake kijijini hana tena mtoto hata mmoja. Figo zimewamaliza wote. Akaniuliza, 'Kaka, si ulisema utawaambia?'"

"Ukamwambia mkurugenzi."

"Nikamwambia. Akasema ripoti ni nzuri, ila nipunguze ukali, wafadhili wasishtuke. Akanipa mgongo kutafuta kalamu. Sikuweza kujizuia."

"Ungekuja polisi, bwana!"

"Nilikuja mwaka juzi. Mkaniambia niache nakala."

 Aibu ilimshika Inspekta mbele ya mtu aliyemtia pingu mwenyewe. Akatoka nje, akampigia simu naibu mkurugenzi.

"Muuaji tunaye, amekiri. Sasa fungeni visima, leo hii. Watu bado wanachota!"

"Tumelipokea hilo kwa uzito mkubwa, Inspekta," naibu alijibu kwa sauti ya upole. "Wiki ijayo tunatangaza nafasi ya mtathmini mwingine."