Anayeitikia Ndiye Anayetoka

Jioni ile nilitoka kwenda kununua betri za saa ya ukutani. Ndivyo nilivyomjibu jirani aliyeniuliza safari ya wapi, na sikusema uongo, kwa maana saa ilikuwa imesimama kweli. Lakini binti yangu, aliponisindikiza mlangoni, alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata nikizikosa betri si kitu. Nirudi na mtoto wake.

Mtoto mwenyewe ni mtu mzima, mshonaji wa mapazia. Amepewa jina la mama yangu mzazi, na jina la mzazi halitamkwi ovyo. Mimi humwita Mama, mama yake humwita Bibi, na mtaa mzima ukafuata hivyo hivyo. Kazi yangu ya ujanani ilikuwa kuandikisha vizazi na vifo, na katika kazi ile sikuvumilia jina pungufu; shuleni tulichapwa kwa kosa hilo. Alipozaliwa nililiandika jina lake kwa mkono wangu mwenyewe, kamili, herufi kwa herufi kama la mama yangu. Kulitamka, sikuwahi.

Tangu Ijumaa iliyotangulia alikuwa amebadilika. Ugonjwa haukuonekana. Alikula, alioga, alishona. Lakini ukimwita Bibi, aligeuza kichwa taratibu, akakutazama kama mtu anayemfungulia mgeni mlango, kisha akajibu:

"Hayupo."

Mara ya kwanza binti yangu alicheka. Baadaye aliacha kucheka, akaanza kulala na taa inawaka.

Chanzo tulikijua, au tulidhani tunakijua. Kila Ijumaa mjukuu wangu alikwenda nyuma ya duka la fundi redio kucheza mchezo wa mezani. Mchezo huo ulitokana na tamthilia ya televisheni iliyopendwa sana, ya nyumba ya kupanga yenye chumba cha nyuma. Mpangaji wa chumba hicho hakuonyeshwa uso hata siku moja. Mtazamaji alionyeshwa viatu mlangoni, akasikia ukuta ukigongwa, basi. Tamthilia ilikatizwa kabla ya mwisho, na mashabiki walioachwa na kiu wakaitungia kanuni ili waimalize wenyewe. Mmoja huwa Mwenye Nyumba, ndiye msimulizi. Wengine kila mmoja huchukua mtu wake, akasema na kutenda kama yeye, na dadu ikaamua kama amefaulu. Mjukuu wangu alikuwa Yaya.

Mpangaji hachezwi na mtu. Huwekewa kiti tu.

Kiti hicho ndicho kilichonitia shaka tangu mwanzo. Mchezo gani huo, wa kumwekea kiti mtu asiyekuwepo?

Nilimkuta fundi ameshusha mlango wa duka nusu. Ni kijana mwenye maneno, na kwa kawaida hunitania mpaka nasahau nilichofuata. Aliniamkia, akasema saa yangu inakula betri kama ina watoto wa kulisha. Mdomo ulitania. Macho yalikuwa yanatazama nyuma yangu, kuona kama nimekuja peke yangu.

Nikamwambia nimemfuata mjukuu wangu.

"Ingia, Mzee," alinong'ona. "Tulikuwa tunakungoja wewe au mama yake."

Chumba cha nyuma kilinuka risasi ya kuchomelea nyaya, kama siku zote. Lakini chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine... chokaa mbichi, kama ukuta uliopakwa leo. Kuta zile ni kuukuu na kavu. Nilizigusa.

Mezani alikuwepo muuguzi wa zahanati yetu, bado amevaa sare. Mjukuu wangu aliketi mkabala naye, mikono chini ya meza. Kati yao palikuwa na kiti kitupu.

Nilimsogelea fundi nikamuuliza wamempa nini mtoto wetu. Sikulificha wazo langu. Niliitazama dadu, nikazitazama kadi za mchezo zenye picha, nikamtazama na yeye.

"Mimi si mchawi, Mzee. Mimi natengeneza redio."

"Wachawi nao wana kazi zao za mchana," nilimjibu.

Hapo muuguzi akainamisha kichwa, na fundi akanieleza. Mchezo haukatwi katikati, hufungwa. Mwenye Nyumba hugonga meza, humuuliza kila mmoja, "Wewe nani?", naye hujibu kwa jina lake mwenyewe, ajulikane amemwacha mtu wa mchezoni akatoka yeye. Ijumaa ile umeme ulikatika. Binti yangu akapiga kelele kutoka barabarani, "Bibi, njoo nyumbani," na mjukuu wangu akainuka gizani akaenda zake. Fundi hakumwona akiondoka. Aligonga meza akauliza kama kanuni inavyotaka. Muuguzi alijibu. Kisha kutoka upande wa mjukuu wangu sauti ikajibu:

"Yaya."

Fundi alidhani ni muuguzi anafanya mzaha. Muuguzi alidhani ni fundi. Umeme uliporudi walitazamana, na kiti cha mjukuu wangu kilikuwa kitupu.

"Kwa hiyo aliyetoka ni Yaya," fundi alisema. "Bibi yumo bado."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Nilimtazama mjukuu wangu ili tucheke pamoja, kama tunavyomcheka fundi huyu siku zote. Alikuwa ananitazama kwa adabu. Adabu ya mtu aliyeajiriwa katika nyumba ya watu.

Nikauliza dawa yake nini.

Ipo kanuni, alisema fundi. Aliyebaki ndani huitwa kwa jina lake, mara moja tu. Anayeitikia ndiye anayetoka. Wamekwisha jaribu kabla sijafika na wameshindwa, kwa sababu wanachokijua wao ni Bibi, na Bibi si jina. Kila mwanamke mzee ni Bibi.

"Jina lake hasa ni nani, Mzee?"

 Muuguzi alidhani nimesahau, akaniwekea mkono begani. Sikuwa nimesahau. Ulimi ulikuwa mzito kwa sababu ya miaka yote niliyoutunza. Jina lile nililisikia mara ya mwisho siku tuliyomzika mama yangu, likisomwa na mtu mwingine.

Ndipo ukuta wa nyuma ukagongwa.

Taratibu. Kama mtu anayeomba chumvi.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?" niliuliza.

"Hakuna kitu," alisema fundi. "Kiwanja kitupu."

Taa ikapungua. Harufu ya chokaa ikanijaa puani. Fundi akagonga meza. Akauliza, wewe nani? Muuguzi akajibu. Akamgeukia mjukuu wangu. Midomo yake ikaanza kufunguka, nami nikaona umbo la neno Yaya linakuja...

Nikaliita jina. Lote, kama nilivyoliandika.

"Abee."

Zilikuwa sauti mbili.

Zilitoka kwa pamoja, neno moja. Moja ya msichana, moja ya mwanamke mzee. Moja ilitoka kinywani mwa mjukuu wangu na moja ilitoka kwenye kiti. Taa ilikuwa chini mno. Hata leo sina hakika ipi ilitoka wapi.

Taa iliporudi, mjukuu wangu alikuwa analia. Alisema, "Babu, twende nyumbani," na mkono wake ulikuwa wa moto. Fundi alinipa betri.

Nyumbani binti yangu aliita Bibi, naye akaitika vizuri, na wakakumbatiana wakalia. Mimi nilipanda kigoda nirudishe uhai wa saa. Mtu akakishika kigoda kwa nyuma kisiyumbe.

"Taratibu, Kijiti. Utaanguka."

Niligeuka. Mjukuu wangu alikuwa anatabasamu. Nilimuuliza ameniitaje. Akashangaa, akasema ameniita Babu, kwani ameniitaje?

Jina Kijiti halimo katika kitabu chochote cha vizazi. Aliniita hivyo mama yangu, kwa wembamba wangu, na wote waliomsikia wamezikwa.

Fundi alihama mwezi huo huo. Kabla ya kuondoka aliniletea kile kiti. Alisema si chake, akakiweka barazani, akaenda zake bila kungoja chai.

Kipo chumbani kwangu, kimeegemea ukuta. Mjukuu wangu anashona, anacheka, anamtunza mama yake vizuri kuliko zamani. Sina la kumlalamikia. Lakini walioitika ni wawili, na aliyerudi nami ni mmoja.

Kwa hiyo kila magharibi nakisalimu kiti mara mbili. Kwanza husema, "Shikamoo, Mama," nikangoja. Kisha husema, "Hujambo, mjukuu wangu?"

Kwa muda mrefu sikupata jibu.

Jana, baada ya salamu ya kwanza, palikuwa kimya kama siku zote. Nikatoa ya pili.

Ukuta ukagongwa.