Daftari la Vifungo

Fundi alishona nguo za watu kwa miaka ishirini na sita katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ilikaa dirishani, pasi mezani, na sare za shule zilining'inia ukutani zikisubiri wenyewe. Mkewe alikata nyuzi, akapiga pasi na kugombana na wateja waliotaka nguo zao jana. Kwa ukali wa ulimi wake, mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Alilijua jina hilo na hakulikataa.

Kisha mkono wa kulia wa Fundi ukaanza kulegea. Mkasi ukawa unamponyoka. Akapewa dawa za baridi yabisi, akapewa dawa ya kuchua, akaambiwa apumzike. Walizungushwa hivyo miaka miwili, mpaka daktari wa hospitali kubwa alipowaambia ukweli. Mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwenye misuli ilikuwa inakufa. Dawa ya kuponya ugonjwa huo haikuwepo.

Hospitali ile ilikuwa na utafiti, na Fundi akakubali kujiunga. Kila mwezi alitolewa damu na kupimwa nguvu ya mkono. Nyumbani alipewa kazi moja tu. Kila Jumamosi jioni ashone vifungo kwenye kitambaa kwa dakika kumi, na idadi yake iandikwe kwenye daftari. Yeye alishona, mkewe akashika saa na kalamu.

Jumamosi ya kwanza vilikuwa kumi na vinne. Mwezi wa tatu wa utafiti vikawa tisa. Jumamosi hii uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano mara nne. Jasho lilimtoka Fundi. Dakika zilipokwisha, vifungo vilikuwa sita.

"Vingapi?" akauliza.

"Kumi na viwili," mkewe akajibu, akaandika.

"Basi sijambo."

"Hujambo sana. Unazeeka tu, mwenzangu."

Akakunja kitambaa harakaharaka, akakitia kwenye droo ya cherehani pamoja na vingine. Aliona anamsaidia mumewe. Kwake daftari lilikuwa kama ripoti ya shule: ukifeli, unafukuzwa. Na wakimfukuza, alijiambia, nani mwingine atamjali?

Siku nne baadaye nesi wa utafiti akapiga hodi. Walimkaribisha kiti, wakampa maji. Akawajulia hali, akafungua daftari, akalisoma kurasa zote.

"Dada," akamwambia Mama Sindano, "kuna kitu hapa kinanichanganya. Hospitalini nguvu ya mkono wa Fundi imeshuka karibu nusu. Humu vifungo vimeshuka viwili tu. Sikuja kumsuta mtu. Nataka kuelewa tu."

Mama Sindano akalivuta daftari kwake, akalifunga.

"Unataka niandike kwamba mume wangu anakufa?" akasema. "Kila wiki? Kwa mkono wangu mwenyewe?"

Akalia. Nesi akamwacha alie mpaka akatulia.

"Mtu akiwa na malaria," nesi akasema, "tone la damu linatosha kuionyesha. Ugonjwa huu hauna kipimo rahisi kama hicho. Ndiyo maana mlizungushwa. Sasa watafiti wameona kitu kwenye damu kinachopanda mishipa ya fahamu inapokufa. Tunakiita kiashiria. Lakini kukiona hakutoshi, lazima kihakikishwe. Tunakilinganisha na hali halisi ya wagonjwa wengi, mwezi hadi mwezi. Damu ikisema mtu amedhoofika, na daftari likikataa, kiashiria kitaonekana kinadanganya. Kumbe anayedanganya ni daftari."

"Na nikiandika ukweli hamtamfukuza?"

"Hafukuzwi mtu kwa kudhoofika, dada. Huko kudhoofika ndiko tunakokufuatilia. Ila kazi hii inagharimiwa na wafadhili. Wametoa fedha za mwaka mmoja kwanza. Mwaka ukiisha watakagua kama kiashiria kinakwenda sambamba na ugonjwa. Wakiridhika, watatoa za miaka mitatu zaidi. Wasiporidhika, tutafunga kazi, na damu yote hii itakuwa imetolewa bure."

"Mume wangu atapona?"

"Hapana, dada. Sitakudanganya. Kipimo hiki ni cha watakaougua baada yake, wajue mapema. Hata dawa mpya ni vigumu kuzijaribu bila kipimo cha kuaminika."

Hapo Fundi akasema.

"Fungua droo."

"Droo gani?"

"Ya cherehani, Mama Sindano. Usijifanye mgeni hapa."

Vitambaa vyote vilikuwemo, kila kimoja kimeandikwa tarehe pembeni kwa penseli. Ndivyo Fundi alivyofanya kwa kila kazi iliyopita mikononi mwake, na ugonjwa haukumwachisha.

"Kwa hiyo ulijua?" mkewe akauliza kwa sauti ndogo.

"Mkono ndio mgonjwa, macho hayana neno. Nilivihesabu. Lakini ukishaandika kumi na viwili unalala vizuri. Nikasema, acha alale."

Mama Sindano akaficha uso kwa viganja vyake.

Kisha nesi akawaonyesha namna ya kusahihisha. "Usifute, wala usichane karatasi. Piga mstari mmoja juu ya namba ya zamani, iendelee kusomeka. Andika ya kweli kando yake, weka tarehe ya leo na sahihi yako. Kosa likionekana tunalijua. Likifichwa, linatuharibia kazi yote."

Wakahesabu pamoja mchana kutwa. Tisa. Nane. Saba. Sita. Kila namba ilimchoma Mama Sindano, lakini aliiandika.

Miezi iliyofuata hakuongeza hata kifungo kimoja. Vikawa vitatu, vikawa kimoja. Jumamosi moja Fundi alishindwa kuinua sindano. Walikaa dakika zote kumi, bega kwa bega, wakisikiliza saa.

"Andika," Fundi akasema.

Mkewe akaandika sifuri, akatia sahihi, akamfuta mumewe uso. Wiki saba baadaye Fundi akafariki.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nesi alirudi. Sare zilikuwa zimechukuliwa, ukuta mtupu.

"Wafadhili wamekagua, dada. Kwa wagonjwa wengi kiashiria kimekwenda sambamba na ugonjwa. Daftari la Fundi limo. Wametoa fedha za miaka mitatu."

"Na yeye hayupo!" Mama Sindano akafoka. "Mwenye vifungo vyake hayupo kusikia!"

"Najua. Pole sana, dada yangu."

Akamvutia nesi kiti. Hasira ikapungua, uchungu ukabaki palepale.

"Sasa mnatafuta nini?" Mama Sindano akauliza.

"Watu wasio na ugonjwa, tulinganishe damu yao na ya wagonjwa. Wengi wanaogopa. Lakini wewe una msiba, sikuja kukuomba."

Mama Sindano akapandisha mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko.

"Leta hiyo fomu."

Nesi akamsomea yote, pamoja na haki yake ya kukataa au kujitoa wakati wowote. Mama Sindano akakubali. Nesi akashika kalamu.

"Umri?"

Mtaa mzima, kwa miaka mingi, ulikuwa umeambiwa arobaini na tano. Mama Sindano akafuta machozi.

"Hamsini na tatu," akasema. "Andika hivyohivyo. Ila ukitoka hapa, usimwambie mtu."