Mume wa Sebuleni

Mkewe alimshukuru kwa kazi ambayo hakuifanya. Balaa liliingia nyumba ile hivyo, kwa adabu zake zote, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka.

"Asante kwa kutengeneza bawaba ya mlango wa jiko," alisema mkewe akichungulia chumbani. "Miezi mitatu nimepiga kelele mpaka nikachoka."

Seremala hakugeuza hata shingo. Alikuwa ameketi sakafuni mbele ya televisheni, vipokea sauti masikioni, vidole gumba vikikimbia juu ya kidude cha gemu. Kikosi chake kilikuwa kinavamia daraja. Hakuwa ameigusa bawaba yoyote. Mtu mwenye haya angesema, si mimi. Yeye akasema, "Usijali."

Sina huruma naye, bora niseme mapema. Alikuwa fundi hodari, kabati lake likifungwa hupenyezi hata wembe. Akanunua gemu, eti la kutuliza akili baada ya kazi. Haya, akili ikatulia? Mwaka haukuisha, mbao zikawa zinaliwa na mchwa karakanani uani, naye macho mekundu, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa kitako, kuoga mpaka akumbushwe. Akifungwa kwenye gemu, nyumba nzima inalipa. Siku moja binti yao wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza, alipita mbele ya kioo cha televisheni na daftari lake kumwonyesha baba herufi alizoandika. Baba akamrushia kile kidude. Kikampasua nyusi, akashonwa nyuzi tatu. Seremala alilia, tena kwa kwikwi. Kisha akauliza kama kidude kimevunjika.

Sasa, dakika chache baada ya ile "usijali," sauti ikaja masikioni, katikati ya makelele ya wachezaji wenzake. Ilikuwa sauti ya chini, karibu mno, na ikaja na harufu ya nywele zilizoungua.

"Umezipokea shukrani za kazi yangu," ilisema. "Nimefurahi. Nikusaidie na lingine?"

"We nani?"

"Wa timu yako. Wewe cheza. Mambo ya huko nje niachie mimi."

Seremala akacheka. Alidhani ni mmoja wa wale vijana wa mtandaoni wasio na kazi. "Basi nenda na kwenye mkutano wa shule, kaka. Kesho saa tano. Mimi sina nafasi."

Kesho yake mke alirudi saa saba, uso umemchangamka. "Asante kwa kuja. Mwalimu amekusifu mbele ya watu."

Seremala akavua kipokea sauti cha sikio moja. Mdomo ulifunguka, ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini duru mpya ilikuwa inaanza. "Usijali," akasema.

Tangu hapo nyumba ikawa na sauti za seremala mwenyewe, zisizotoka kwake. Alisikia randa yake ikiparuza mbao huko uani naye amekaa chumbani. Alisikia kikohozi chake sebuleni, halafu kicheko cha Chiriku, kicheko ambacho yeye alikuwa hajakisikia tangu ile siku ya nyuzi. Adhuhuri moja alishindwa kuvumilia, akanyata ukumbini, akachungulia, akamwona mwanamume amempa mgongo, shati ni lake, kipara cha utosini ni chake, anamchana mtoto nywele taratibu kwa kitana. Na yule mwanamume, bila kusogeza mabega, akageuza kichwa polepole, kikazunguka kupita pale ambapo shingo ya mtu hukomea, akamtazama seremala kwa macho ya seremala, akaweka kidole mdomoni.

Hapo mtu angepiga ukelele wa kuamsha mtaa. Yeye alirudi chumbani. Walikuwa wanamngoja kikosini.

Siku umeme ulipokatika kutwa nzima ndipo alipotoka, njaa inamkata tumbo. Chiriku alikuwa mezani akiandika. Aliinua macho akapiga yowe. "Mama! Kuna mtu!"

Mkewe akaja mbio, akatazama mahali pale pale aliposimama mumewe asimwone, akaziba pua. "Harufu ile ya nywele zilizoungua tena," alinong'ona. "Twende nje, mwanangu. Usikimbie. Tembea tu."

"Ni mimi!" alisema seremala. "Ala! Mama Chiriku, ni mimi jamani!" Sauti yake ilitoka nyembamba, na mkewe akapunga mkono sikioni kama anayefukuza mbu.

Jumamosi mchana akaitwa mganga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na haraka zake, asiyependa maneno mengi. Aliwasha ubani wake, akasimama ukumbini katikati ya milango miwili. Kulia, sebuleni, mume ameketi, mtoto mapajani. Kushoto, chumba cha gemu, hakuna anayeonekana ila kidude sakafuni, vitufe vikibonyea vyenyewe.

"Wapo wawili humu," mganga alimwambia mke. "Mmoja mtu, mmoja si mtu. Wote wanadai wewe ni mke wao. Nitawauliza. Mtoto ameng'oka jino. Lipi?"

Chumbani vitufe vikaacha kubonyea. Kisha, kwa mbali, "La... la juu?"

"La chini, la mbele," alijibu wa sebuleni kwa upole. "Jumatano. Alilia kidogo tu."

Mganga akaanza kugeukia chumba. Mke akamshika mkono.

"Mama, usijisumbue na maswali. Namjua yupi ni yupi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya shule. Alinishika mkono njiani. Ulikuwa wa baridi, mama, baridi ya bomba la maji. Nikajua huyu si wangu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaushikilia."

Mganga alivua miwani. "Mama Chiriku, mwenye nyumba ni huyu wa chumbani. Nikimtoa, siwezi kumrudisha. Na huyu mwingine, siku atakayochoka kuwa mwema, usiniite."

"Mke wangu!" Seremala alikuwa amepiga magoti. "Naacha! Wallahi naacha leo hii, livunjeni, lichomeni moto!"

Safari hii walimsikia wote. Mke alimtazama binti yake, akaitazama ile nyusi iliyoota kovu jeupe, akamtazama yule aliyempakata, ambaye alikuwa akimpapasa mtoto mgongo tu.

"Mara ngapi ameacha," alisema, machozi yakimtoka. "Mtoe wa chumbani."

Basi moshi ukapulizwa chumbani, na seremala akasikia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, milango aliyoichonga, fremu alizozipiga msumari mmoja mmoja, ikimkataa ubao kwa ubao, akashika kizingiti kikamteleza, akashika ukuta ukamteleza, akaliita jina la mkewe, la binti yake, akatafuta na lake mwenyewe la kuliita asilione, mpaka akajikuta nje, juani, karibu na dirisha, na watu wakipita njiani wakampita katikati ya kifua bila hata kupunguza mwendo.

Mganga alitoka bila kuaga.

Dirishani seremala aliona chakula kikipakuliwa. Mkewe aliketi. Yule mwingine aliketi. Kijiko cha Chiriku kikaanguka, naye akateremka chini ya meza kukiokota, na hapo seremala akainama pia, akaona alichokiona mtoto: suruali ya baba imekunjika vizuri kitini, pindo zake zinaning'inia, na ndani ya pindo hizo hamna miguu.

Alipiga kioo kwa ngumi zote mbili. Hakikutoa hata mlio.

Chiriku alizitazama zile pindo tupu kwa muda, kisha akageuka akamtazama na yeye pale dirishani, moja kwa moja usoni, kama anayemkumbuka. Akapanda juu, akafuta kijiko kwa gauni, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na kile cha baba wa sebuleni, akaendelea kula.