Taruma la Mbele

Asubuhi ile mke wa Fundi alikuwa amefua, ameanika, na amekaa barazani anakunja nguo za jana. Haikuwa siku ya ajabu. Sisi jirani zake wa ukuta mmoja tulikuwa tunagombania kamba ya nguo kama kawaida yetu. Haya ninayoyasimulia yalimpata yeye, na alimsimulia mama yangu kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Mumewe alikuwa na wiki tano kaburini. Alikuwa fundi mashua, mtu wa maneno machache na penseli nyuma ya sikio. Msibani mjane hakudondosha chozi, na watu wakanong'ona kwamba ana roho ya jiwe. Walimkosea. Ndani yake hakukuwa na kitu, basi. Alikunywa chai ya moto asijue inamuunguza, mpaka baadaye aone ulimi umetoka malengelenge.

Uani ilibaki mashua moja juu ya magogo mawili, imepakwa buluu inayong'aa. Fundi aliinunua kuukuu ili aitengeneze na kuiuza. Kwa nje ilikuwa bibi harusi. Chini ya mbao za sakafu, mataruma matatu ya mbele, zile mbavu zinazoshika mashua isifumuke, yalikuwa yameoza. Ukiyachoma kwa bisibisi, inazama kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Fundi aliyakwangua, akayajaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapaka rangi juu. "Ni ya kushikilia tu mpaka nipate mbao," alimwambia mkewe. Na mkewe ndiye aliyeikoroga gundi hiyo, kwa kiganja chake cha kulia. Mbao hazikupatikana. Kifua kilimbana Fundi, na mwezi haukuisha akafa. Siri ikabaki kwa mtu mmoja.

Asubuhi hiyo mteja aliletwa na shemeji yake mjane, mdogo wa marehemu. Mtaani tulimwita Redio, redio yenyewe ya kukosa kitufe cha kuzimia. Alikuja na mkunga wa zahanati ya ng'ambo ya maji, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kazi.

"Pole na msiba, dada," mkunga alisema. "Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu jioni, anasubiri kivuko cha asubuhi. Mwaka huu nimepoteza wawili wakiwa wanasubiri. Nataka chombo cha kuwavushia."

"Umefika!" Redio akadakia. "Hii mashua ukiigonga inakuitikia. Mkono wa kaka yangu huu!" Masikini, hakuwa anadanganya. Alikuwa hajui.

Mkunga hakumjali. Alimtazama mjane. "Mimi mbao sizijui, dada. Niambie wewe. Ungempandisha mwanao humu, akiwa na uchungu?"

"Ndiyo," mjane akajibu, kama mtu aliyeulizwa kama maji yamechemka.

Alitaka tu iondoke machoni pake. Aliwaza wale wanawake katikati ya maji, akangoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Wakakubaliana mkunga aje na watu wake Alhamisi.

Jumatatu, saa saba mchana, jua la utosini, mjane alisikia mtu anapiga randa uani. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Alitoka akiwa na mwiko mkononi. Hapakuwa na mtu, wala chini hapakuwa na hata chembe ya unga wa mbao. Ila ubao wa mwisho wa sakafu, kule mbele, ulikuwa umefunuliwa. Juu ya taruma lililoozea chini ya rangi, kulikuwa na msalaba wa penseli, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Kila fundi huweka alama yake kwenye mbao ya kung'olewa. Ile ilikuwa ya mumewe.

Akadhani ni utani wa watoto wa jirani, yaani sisi. Akachukua msasa, akaufuta, akapaka rangi upya, akarudisha ubao na kuukaza kwa skrubu nne.

Jumanne, saa ile ile, sauti ile ile. Akamwita Redio. Skrubu zilikuwa zimepangwa mstari pembeni, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Msalaba ulikuwepo. Rangi ilikuwa mbichi bado, na haikuwa na mkwaruzo. Penseli ilikuwa imeandika juu ya maji ya rangi bila kuyatibua.

"Shemeji," mjane alisema, "kama ni wewe, acha."

"Mimi?" Redio alinong'ona. Hatukuwahi kumsikia akinong'ona. "Mimi hata penseli sina."

Aligusa alama ile. Kidole kikatoka cheusi. Akakitazama, akakifuta kwenye suruali, akasema amekumbuka kuna mahali anatakiwa. Hakurudi siku ile.

Jumatano mjane hakutoka nje. Alikaa jikoni, mgongo ukutani, akisikiliza. Msumeno. Randa. Nyundo ndogo, ile ya kuingizia mbao bila kuiumiza. Kisha kikohozi. Alikuwa amelala na kikohozi kile miaka kumi na tisa. Mwanamke mwingine angepiga kelele. Yeye alitaka tu kujikuna kiganja.

Akakitazama. Msalaba. Mguu mmoja mrefu.

Akanawa kwa sabuni. Haukutoka. Akasugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Haukutoka. Akachukua msumari kwenye kopo la marehemu, akauweka katikati ya alama, akakandamiza kidogo tu.

Msumari ulizama.

Haukuuma. Damu haikutoka. Aliuchomoa taratibu, na kwenye ncha palikuwa na unga. Unga wa kahawia. Wenye majimaji. Aliunusa. Ulinuka mbao iliyooza.

Akafunga kitambaa, akaepua sufuria jikoni, akala. Hivyo ndivyo alivyomwambia mama yangu: nilikula.

Alhamisi mkunga akaja na wanaume sita wa kubeba mashua na mwanamke mmoja mwenye mimba ya miezi minane, aliyetaka kuona chombo kitakachomvusha. Redio naye alikuja, akasimama mbali, karibu na lango. Yule mjamzito alizunguka mashua akicheka, akaegemeza tumbo pale mbele, nje ya taruma, akasema buluu yake nzuri.

"Dada," mkunga akamwambia mjane, "nikabidhi."

Mjane alifungua mdomo. Aliona tumbo lile limegusa mbao. Akasema, polepole, kama anayesukuma kabati peke yake:

"Imeoza."

"Nini?"

"Mashua imeoza. Mbavu za mbele, zote tatu. Nilikoroga gundi mimi. Nilikudanganya."

Hapo kiganja kikauma. Kiliuma maumivu ya Jumatano na ya wiki zote tano kwa mpigo. Damu ikapenya kitambaa, nyekundu, damu ya mtu. Akapiga yowe ambalo sisi wa ukuta mmoja tulilisikia tukaacha tulichokuwa tunafanya. Alimlilia mumewe kwa jina. Mkunga alimkalisha chini, akamfungua kitambaa, akamsafisha kidonda. Alipomaliza kukifunga ndipo akasema, "Mficha uchi hazai, dada. Umezaa. Pumua."

Kisha akataka kuona uozo wenyewe. Aliitwa seremala wa mtaa wa pili, mzee wa majeneza, aje afunue sakafu yote.

Taruma la mbele lilikuwa limeoza kweli, na msalaba wake juu. Akafunua la pili. Akafunua lililofuata. Yale mawili yalikuwa mapya. Mbao nyeupe, hazijapakwa rangi, kila moja ni mbao mbili zilizogandishwa pamoja na kuchongwa, zimekaa mahali pake barabara. Fundi yeyote angeona wivu.

Mzee alipitisha kidole gumba juu yake, akakirudisha. Uso ukambadilika.

"Mbao hii nimeipiga randa mimi," alisema chini chini.

"Ya nini?" Redio akauliza.

Mzee alimtazama mjane, kisha akatazama ardhi. "Ya mumeo. Jeneza lake nililitia mbao sita pana. Hapa ziko nne."

Redio na wanaume wawili walikwenda makaburini mbio, wakarudi wakitembea. Kaburi halijaguswa, walisema. Nyasi zimeshaanza kuota juu.

Mjane aliuliza swali moja tu. "Nne zipi?"

"Za mfuniko," mzee alisema. "Na za chini."

"Kwa hiyo sasa analalia nini?"

Alasiri hiyo mjane alikwenda mwenyewe kwa muuza mbao, mkono umefungwa, akachagua mbao mbili pana, nzima, akizigonga moja moja. Akazilaza juu ya gogo, karibu na mashua. "Usichukue tena za kwako," aliiambia mashua, akaingia ndani na kufunga mlango.

Asubuhi mbao hazikuwepo. Tulikimbilia wote kuangalia taruma la mbele. Lilikuwa vilevile, bovu, na msalaba wake. Zile mbao hazikwenda kwenye mashua.

Mzee wa majeneza ndiye aliyelitia taruma jipya, kwa mbao yake. Mkunga alielezwa kila kitu, akafikiri, akasema mbao nzima ni mbao nzima. Wanawake wanavuka nayo mpaka leo, na hakuna aliyepotea.

Kidonda kilipona. Lakini asubuhi ile mbao zilipotoweka, kabla mtu hajafagia, mama yangu aliona pale juu ya gogo, mahali mbao zilipolazwa. Kulikuwa na alama za vidole za udongo, kumi, zimeshikilia ukingo kama mtu aliyeinua mzigo peke yake. Udongo mwekundu, mbichi. Mtaani kwetu ni mchanga mtupu. Udongo wa rangi ile uko makaburini tu.