Kitambaa Chekundu Kwenye Mepo

Kila vuli, kabla theluji haijaanza kuanguka, Bibi Rolande alikagua miti yake ya mepo, ile iliyowapa shira tamu ya kumiminia chapati za maji. Mti mgonjwa aliufunga kitambaa chekundu. Kikishafungwa, hakuna wa kubisha: mti ulikatwa, kuni zake zikachemsha utomvu wa mwaka uliofuata hadi uwe shira.

Mwaka huu goti lilimgomea. Akamkabidhi mjukuu wake Delphine, binti wa miaka kumi na miwili, furushi la vitambaa.

"Mepo wa sukari unaujua?"

"Bibi naye! Jani lina ncha tano, kingo laini. Mepo mwekundu ndio wenye kingo kama meno ya msumeno."

"Haya, bingwa. Ila ugonjwa utafute kwenye shina. Zunguka kila mti, uupapase."

Delphine aliahidi. Lakini alasiri ile wenzake walikuwa wakicheza hoki barabarani, na kelele zao zilimfikia hadi msituni. Azunguke kila mti? Aliinua macho tu. Majani ya safu iliyokuwa kilimani yalikuwa na madoa meusi, kana kwamba yamerushiwa lami.

"Hii imekwisha," akajisemea. Alifunga vitambaa mbio mbio, akaenda zake.

Asubuhi yake akafika Gaétan, mkata miti, na msumeno wake wa mashine.

"Safu nzima!" akashangaa. "Bibi yako kagombana na nani?"

"Inaumwa, mjomba. Tazama majani."

"Mimi sitazami majani, binti. Natazama kitambaa."

Msumeno ukanguruma. Delphine alirudi nyuma kumpisha, akaegemea mti wa jirani wenye kitambaa. Kidole chake kikagusa kovu dogo. Lilikuwa tundu walilotoboa mwishoni mwa baridi ili kukinga utomvu. Lilikuwa limejifunga kabisa, kama mdomo uliofumbwa. Akaukimbilia mti wa pili. Nao tundu lake limejifunga. Wa tatu, vivyo hivyo.

Mti unaooza huponyaje kidonda chake? Na mepo mchanga huchukua miaka arobaini kabla ya kutobolewa!

"Simama!" alipiga kelele. "Mjomba, simama!"

Msumeno ukanyamaza. "Kitambaa cha Bibi Rolande hakibishiwi."

"Si chake." Delphine alimsogelea. "Nimevifunga mimi, na sikukagua hata mti mmoja."

Gaétan alikuna kidevu. "Basi kamwambie mwenye msitu. Mimi nanywa kahawa yangu."

Bibi Rolande alimsikiliza hadi mwisho. Akachukua mkongojo, wakapanda kilima polepole. Huko aliokota jani lenye madoa.

"Huu ni ukungu wa majani. Unachafua uso tu. Tutayafagia, tuyachome, basi. Ungenimalizia miti aliyoitunza mama yangu!"

"Nisamehe, Bibi."

"Msamaha baadaye. Kazi kwanza."

Wakavifungua vitambaa, wakaanza upya, mti kwa mti. Marafiki walimwita kutoka barabarani, hakwenda. Kando ya kibanda cha kuchemshia shira ulisimama mepo mmoja wenye majani mazuri yasiyo na doa. Delphine aliuzunguka, akaupapasa. Upande wa kibanda, vidole vyake vilizama kwenye ufa uliolipita shina mshazari. Tundu la utomvu lilikuwa wazi, jeusi ndani.

"Bibi! Hapa gome limebonyea."

"Umempata mwizi. Buu huyo, anatafuna chini ya gome huku akilizunguka shina. Funga."

Delphine alifunga kitambaa. Gaétan alipouangusha mti ule, akawaonyesha njia za buu zilizouchimbachimba mti.

"Upepo mmoja tu," alisema, "mti huu ungelala juu ya paa la kibanda, na nyie ndani mnakoroga shira."

Bibi Rolande akamshika mjukuu wake bega.

"Doa la jani kila mpita njia analiona, mjukuu wangu. Anayekabidhiwa kazi hutafuta kile kisichojionyesha, na hakipati kwa macho ya kukimbia. Umekosea, lakini umesema mti ukiwa bado umesimama. Ungeona haya ukanyamaza, sasa hivi tungekuwa tunalilia visiki. Haya, ile miti ya bondeni bado. Nenda, mimi nitakungoja hapa."

Delphine aliteremka bondeni. Alipofika kwenye mti wa kwanza, hakuinua macho juu. Alianza na shina.