Kijisanduku Kwenye Stuli Tupu

Kamera ya Ndesanjo haikuwa mbovu. Nalisema mapema kwa sababu mtaa wetu wote wa Sakina ulimcheka, eti mzee apumzike, macho yamekwisha. Macho yake yalikuwa mazima kuliko ya hao wenye midomo.

Ilianza asubuhi ya baridi, ukungu wa Meru umeshuka mpaka barabarani. Nashipae, muuza maziwa wa mlango wa pili, alikuja kwenye duka lake la picha kupigwa za pasipoti. Ndesanjo akabonyeza kitufe nusu. Lenzi ikanguruma, ikaenda, ikarudi, kisha kile kijisanduku cha kijani kinachotafuta uso kikamwacha Nashipae, kikatulia pembeni, juu ya stuli tupu. Pii. Pichani Nashipae akatoka ukungu mtupu.

"Mzee, huyu ni mimi kweli?"

"Vumilia, mwanangu. Leo imeamka vibaya."

Stuli ile ilikuwa ya Anjela, mkewe, aliyezikwa Machame mwezi wa tatu. Ndesanjo alishapiga picha maharusi na marehemu wa nusu ya Arusha, lakini mkewe hakuwahi kumpiga vizuri hata mara moja. Kila siku ilikuwa kesho, mama, kesho. Siku ya mazishi ikabidi wakuze picha ya kitambulisho, na pale kwenye msalaba wa kaburi uso wa Anjela ukawa madoa tu. Watu walinong'ona, naye akasikia. Ilimuuma mno.

Basi akafuta lenzi kwa kitambaa laini, akasafisha vishaba vyake vya kupitishia umeme, akabadili betri, akafuta mipangilio yote na kuanza upya. Wapi! Akaipeleka Ngaramtoni kwa fundi Lengai, ambaye aliielekeza kwa wapita njia, na kila uso ukanaswa palepale.

"Mangi, kamera yako nzima," Lengai alisema, akimtania kwa Uchaga wake. "Kama ina shida, iko dukani kwako."

Ndesanjo akarudi, akafunga mlango, akaielekeza kwenye stuli. Pii.

"Anjela? Ni wewe, mama?"

Akasikia harufu ya mafuta aliyokuwa akijipaka mkewe, na chini yake harufu nyingine, ya ngozi mbichi, ambayo hakutaka kuifikiria. Tangu hapo wateja akawafukuza. Alikula dukani, akiisimulia ile stuli habari za siku nzima. Akaweka kamera ijipige yenyewe ikiona uso unacheka, akakumbushia vichekesho vyao vya zamani, na kamera ikapiga, ikapiga tena. Alitaka uso mmoja tu wa kupeleka Machame. Zilitoka stuli tupu, safi hadi misumari inahesabika.

Nashipae akaja na chupa ya maziwa, akazikuta zile picha ukutani.

"Shikamoo mzee. Mbona stuli tupu?"

"Marahaba. Ni mama yako Anjela. Bado hajatokea."

Binti akaishika kamera, akachungulia. Akaiinua taratibu.

"Mzee... kijisanduku kiko juu. Karibu na dari."

"Amesimama."

"Mama Anjela alikuwa ananifika begani," alinong'ona. "Huyo siye. Twende, tafadhali. Nikamwite mwinjilisti."

Akatoka mbio. Ndesanjo hakumfuata. Alijua, jamani, alijua tangu ile harufu ya ngozi.

Jioni umeme ukakatika, na katika giza lile akainua kamera akaona kijisanduku kimeshuka kutoka darini na kuanza kukua, kidogo kidogo, kama uso wa mtu anayekusogelea, na sakafu ikawa inalia pale pale Anjela alipozoea kukanyaga, na nje Nashipae na mwinjilisti wakigonga na kuita fungua mzee, fungua kwa jina la Yesu, naye akasimama katikati akiwaza kwamba hiki kikitolewa humu kitabaki chumba, na yeye, na miaka.

Akasukuma komeo, mlango ukafungwa kabisa.

"Kaa," akakiambia, huku akilia. "Nje kuna baridi."

Kijisanduku kikajaa kioo kizima cha kamera. Pii.

Tulipovunja mlango tulimkuta kwenye stuli, mwili umeshapoa. Kamera ilikuwa sakafuni. Picha ya mwisho ndani yake ilikuwa ya Ndesanjo mwenyewe, amepigwa kutokea juu, karibu na dari, akitazama juu na kutabasamu, safi hadi kope. Hakukuwa na nyingine nzuri kuliko hiyo. Ndiyo tuliyoibandika kwenye msalaba wake Machame, kando ya madoa ya Anjela.