Mpira wa Mwalimu Silima

Kila siku alasiri, Biasha akirudi chuoni kusoma Kurani, huweka juzuu lake juu ya kabati, huchukua kibao chake cha mpira wa meza, kisha hunyata kuelekea mlangoni kabla mama yake hajakumbuka la kumtuma. Mara nyingi hakufika mbali.

"Biasha!"

"Naam, mama!"

"Kaninunulie mafuta ya taa kwanza. Huko kwenye mpira wenu utakwenda baadaye, meza haikimbii."

Biasha alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na miguu yake ilikuwa myepesi kweli kweli. Alikwenda dukani mbio, akarudi mbio, akaitua chupa ya mafuta jikoni, na kabla mama hajasema ahsante, mtoto yuko ukumbini.

Ukumbi wenyewe ulikuwa pale pale Jang'ombe, nyuma ya skuli yao. Meza ilichongwa na seremala wa mtaani, ikapakwa rangi ya kijani, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, umetiliwa kipande cha ubao. Mwalimu Silima ndiye aliyefundisha. Asubuhi alisomesha hesabu, jioni alifundisha mpira wa meza aliojifunza kwa mafundi wa Kichina waliokuja kufanya kazi kisiwani. Naye alikuwa na mtindo wake. Watoto hawakugusa mpira mpaka wafanye mazoezi ya miguu: kulia, kushoto, mbele, nyuma, vibao vikipiga hewa tupu.

"Leo tena tunacheza ngoma ya kidumbak bila ya kidumbak!" Zahor alinung'unika, na wenziwe wakacheka.

"Cheka, lakini kunja magoti," alisema Mwalimu Silima. "Miguu haihitaji mpira."

Na kweli mpira wenyewe ulikuwa adimu. Mwaka ule vitu vingi vilikosekana madukani. Mipira ya meza ilikuja kwa meli, na meli ikichelewa, soko zima la Darajani huupati hata mmoja. Ukumbini ulibaki mpira mmoja tu mzima. Ulilazwa juu ya pamba ndani ya kopo la maziwa, na kopo likafungiwa kabatini. Ufunguo alipewa Kurwa, mvulana mpole aliyekuwa mchezaji bora wa skuli. Amri ilikuwa moja: mpira hautoki ukumbini.

Jumatano ile Mwalimu Silima aliwaita wachezaji wake. Jumamosi ingekuja skuli moja ya Mji Mkongwe kushindana nao, na kila skuli ingetoa wachezaji wawili.

"Kurwa atacheza," alisema. "Wa pili ni wewe Biasha. Lakini mkono wako umelala. Mpira ukija upande wa kushoto unaupiga kama unafukuza nzi. Ukiendelea hivyo mpaka kesho, n'tamtia Zahor."

Maneno hayo yalimchoma Biasha. Tangu mwezi mtukufu alikuwa akiisubiri siku hiyo. Aliwahi kuwaambia wasichana wote wa darasa lake kwamba atacheza, na baadhi yao aliwaambia mara mbili.

Jua lilipokaribia kuchwa, Kurwa aliulaza mpira ndani ya kopo, akaliacha juu ya meza, akatoka nje kidogo kumsaidia mwalimu kubeba viti. Biasha alibaki peke yake. Moyo ulimwambia: uchukue, ufanye mazoezi ukutani nyumbani, kesho uurudishe kabla ya mtu kujua. Mkono ukatangulia. Mpira ukaingia mfukoni, kifuniko kikarudi juu ya kopo tupu. Kurwa aliporudi alilitia kopo kabatini, akafunga kwa ufunguo, akaondoka zake bila wasiwasi wowote.

Jioni hiyo Biasha alipigisha mpira kwenye ukuta wa stoo mpaka mkono ukamuuma. Alipochoka, akawaza pa kuuficha. Mdogo wake Abdulla alikuwa mpekuzi, hakuna shimo asilotia kidole. Mahali pamoja tu hakuthubutu kugusa: kapu la nguo za harusi. Ijumaa mtoto wa mama yake mkubwa alikuwa anaolewa, na nguo zote za kwendea harusini zilikuwa zimekunjwa mle, pamoja na gauni jipya la Biasha la rangi ya zambarau lenye mfuko ubavuni. Biasha akautia mpira katika mfuko ule, akalikunja gauni vizuri.

Alhamisi alipotoka skuli alikwenda moja kwa moja nyumbani kuuchukua. Alipofika mlangoni alisikia harufu ya udi. Mama yake, Bi Mwanakheri, alikuwa ameshaanza kufukiza nguo. Chetezo chenye makaa na udi kilikuwa sakafuni, juu yake kitenga cha kutandazia nguo, na mikononi mwa mama lilikuwa lile gauni la zambarau.

"Mama, ngoja!" alisema Biasha.

"Ningoje nini?" Mama alilitandaza gauni juu ya kitenga, akageukia dirishani, maana jirani alikuwa anapita na kumsalimia.

Biasha aliuona mpira ukichungulia mfukoni. Ukateleza, ukapenya kwenye tundu la kitenga, ukaanguka juu ya makaa. Fuu! Moto ukaruka juu kwa ghafla, mkubwa, ukalamba pindo la gauni. Mama alipiga ukelele, akachukua mtungi wa maji akaumwaga wote. Moto ukazimika. Ndani ya chetezo hakukubaki chochote ila weusi na moshi.

"Lahaula! Nini hiki?" Bi Mwanakheri alisema huku anatweta. Kisha akanusa. Akanusa tena. Uso ukambadilika. "Karafuu maiti! Wewe Biasha, husikii harufu? Hii ni karafuu maiti, wanayotiwa maiti! Katika nguo za harusi!"

Biasha aliinama kuliokota gauni lililoloa.

"Ni ule udi wa Bi Hija," mama aliendelea, sasa hasira zimempanda. "Nimeununua jana kwake. Ana nini na mie hata anichanganyie karafuu maiti katika udi wa harusi? Anamtakia mtoto wa watu kifo?"

"Sijui, mama," alisema Biasha kwa sauti ndogo. Hilo ndilo jibu lake. Alijua, tena alijua vizuri, lakini alisema sijui.

Mama alijitupia buibui akatoka. Bi Hija alikuwa mjane mtu mzima, jirani yao, na kazi iliyomweka mjini ni kupika udi kwa sukari na marashi. Mtaa mzima ulifukiza udi wake. Biasha alisikia sauti ya mama yake ikipanda huko nje, na sauti ya Bi Hija ikiapa. Hakutaka kusikia zaidi. Alitokea mlango wa uani, akakimbilia ukumbini.

Huko nako kulikuwa na yake. Kopo lilikuwa wazi juu ya meza, pamba tupu. Watoto walikuwa wameizunguka. Kurwa alikuwa mbele ya Mwalimu Silima na machozi yanamtiririka.

"Wallahi, Mwalimu, niliutia koponi mwenyewe."

"Ufunguo nilimpa nani?"

"Mimi."

"Basi mpira nakuuliza wewe. Ukipatikana kabla ya Jumamosi, vizuri. Usipopatikana, ufunguo utanirudishia na mchezo huo hutacheza. Watacheza Biasha na Zahor."

Biasha alisikia jina lake. Nafasi aliyokuwa akiililia sasa ilikuwa yake, hakuna wa kumpokonya. Alitakiwa afurahi, na badala yake aliyakwepa macho ya Kurwa. Kurwa alimtazama akasema, "Angalau wewe utacheza," bila ya kijicho hata kidogo. Biasha alisema anaumwa kichwa, akaondoka.

Njia ya kurudi nyumbani ilipita mlangoni kwa Bi Hija. Bibi alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, mbele yake sinia lililojaa udi uliorudishwa. Wanawake wa mtaani walikuwa wameshasikia, na kila aliyenunua kwa ajili ya harusi alikuja kurudisha wake. Bi Hija alichukua kipande kimoja kimoja, akakinusa kwa muda mrefu, akakiweka upande.

"Shikamoo, Bi Hija," Biasha alisema. Alitaka kupita haraka.

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo hapa." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angemgombeza. "Pua yangu imezeeka. Yako bado changa. Ninusie, uniambie kweli, kuna karafuu maiti humu?"

Biasha alikinusa kipande. Kilinukia mawaridi tu.

"Nimepika udi tangu sijaolewa," alisema Bi Hija taratibu. "Karafuu maiti ninayo ndani, imo katika kisanduku, nimeweka kwa ajili yangu mwenyewe siku yangu ikifika. Nnajiuliza, labda nimechanganya bila ya kujua. Labda akili zinaniondoka. Kama ndivyo, bora niache kazi."

Biasha hakuweza tena. Alilia kwa kwikwi, akapiga magoti pale pale barazani.

"Si wewe, Bi Hija! Hukuchanganya kitu. Ni mpira. Niliuiba mpira wa Mwalimu nikauficha katika gauni, ukaangukia makaani. Nimeuona kwa macho yangu. Mama aliponiuliza nikasema sijui."

Bi Hija alilisukuma sinia kando. Kisha alichukua ncha ya kanga yake akampangusa kamasi. "Haya. Inuka. Uliloniambia mimi, ukamwambie mama yako mbele yangu."

Bi Mwanakheri alipoyasikia, kwanza alimkaripia Biasha kwa maneno ambayo hapa hayana haja ya kuandikwa. Halafu aliona haya mpaka akakaa chini. Alimshika Bi Hija mkono akamwomba radhi, na wote wawili wakalia kidogo, kama wafanyavyo majirani waliogombana na kupatana siku moja. Lakini mama bado alikuwa na swali.

"Mpira unukie karafuu maiti? Inawezekana?"

"Tukamuulize mwenye mpira," alisema Bi Hija, naye akavaa buibui lake.

Basi watoto waliokuwa ukumbini waliona jambo ambalo hawajapata kuliona: wanawake wawili watu wazima wanaingia kwenye mazoezi, na Biasha katikati yao ameinamisha kichwa. Biasha alisema yote mbele ya wenziwe, tangu kopo mpaka makaa. Hakuacha neno. Mwalimu Silima alisikiliza mpaka mwisho.

"Bi Hija, udi wako ni safi," alisema. "Mpira huu umetengenezwa kwa kitu kilichochanganywa na karafuu maiti. Ukiungua hunukia hivyo hivyo, tena huwaka kama mafuta ya taa. Ndiyo maana sitaki utoke hapa."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Hija, na mabega yake yakashuka. "Kumbe akili ninazo."

Mwalimu alimgeukia Kurwa. "Nimekuhukumu bila ya kuuliza sawasawa. Nisamehe. Ufunguo ni wako, na Jumamosi unacheza." Kisha akamtazama Biasha. "Wewe hutacheza. Atacheza Zahor."

"Naam, Mwalimu," alisema Biasha. Alikuwa akilijua jibu hilo tangu barazani kwa Bi Hija.

Mpaka Jumamosi walifanya mazoezi bila ya mpira, na hakuna aliyenung'unika. Biasha alisimama upande wa pili wa meza akimwonyesha Zahor kwa mkono mpira unapotokea, naye Zahor akahamisha miguu. Ijumaa alikwenda harusini na gauni lake la zambarau. Pindo lililoungua mama alilishonea kiraka, akamwambia kila aliyeuliza amuulize mwenye gauni. Wengi waliuliza.

Jumamosi wageni walikuja na mipira yao. Kurwa alimshinda Bahiya, msichana hodari wa Mji Mkongwe, watu wakapiga makofi mpaka ukumbi ukalia. Zahor alishindwa. Walipocheza wawili kwa wawili, Jang'ombe walipigwa kwa pointi chache tu, na mpira wa mwisho ulikuja upande wa kushoto, ule ambao Biasha alikuwa ameufanyia mazoezi ukutani. Aliuangalia ukipita, akiwa amekaa kwenye benchi, akauma mdomo.

Wageni walipoaga, mwalimu wao aliwaachia mpira mmoja. Mwalimu Silima aliushika mkononi, akawakusanya watoto wake. Bi Mwanakheri na Bi Hija walikuwa wamesimama mlangoni.

"Mpira uliungua, lakini meli italeta mwengine," alisema. "Nafasi ya kucheza imepotea, lakini itakuja tena. Hayo madogo. Lakini kwa sababu ya kunyamaza, Kurwa alilaumiwa bure, na kwa neno moja, 'sijui', Bi Hija akaanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe. Ukikosa, sema siku ile ile. Ukinyamaza, kosa lako watalibeba wengine ambao hawana habari nalo. Biasha alichelewa, lakini alisema. Kwa hilo n'tamfundisha tena kuanzia kesho."

Akampa Kurwa mpira. Kurwa aliuangalia, akamwangalia Biasha, kisha akamnyooshea mkono.

"Utie wewe koponi," alisema. "Mimi nafungua kabati."

Biasha aliupokea mpira kwa mikono miwili. Bila ya kufikiri, mkono mmoja ulishuka ubavuni mwa gauni la zambarau, alilolivaa tena siku ile, kutafuta mfuko. Haukuupata. Mama yake alikuwa ameukata, na ndio uliokuwa kiraka cha pindo.